"Mwalimu akiuliza ni nani aliyetengeneza, niseme nani?"

Ilikuwa Jumapili, saa tatu usiku, binti yangu alipokumbuka. "Mama, kesho tunatakiwa kupeleka sanamu ya kufukuza ndege."

Wazazi ambao watoto wao wamepitia gredi ya nne wanaijua sanamu hiyo. Ni kazi ya somo la Kilimo. Unahitaji vijiti viwili, nguo kuukuu, nyasi kavu au gunia, na kofia kama ipo. Mtoto anatakiwa aitengeneze kwa mikono yake na aeleze inavyosaidia kulinda mimea shambani.

Nilimtazama akisinzia kitini, nikatazama saa, nikafanya walichofanya wazazi wengi. Nilimwambia aende akalale. Baba yake alitafuta vijiti nyuma ya nyumba, mimi nikatoa kaptura yake ya zamani na shati lililochanika kwapani. Saa tano na nusu sanamu ilikuwa imesimama sebuleni, ina macho ya vifungo na kofia ya ukili. Sikatai, tuliifurahia. Baba yake hata aliipiga picha.

Asubuhi, akiwa ameibeba begani tukielekea kituo cha matatu, aligeuka akaniuliza: "Mwalimu akiuliza ni nani aliyetengeneza, niseme nani?"

"Sema ni wewe," nikamjibu. Matatu ilikuwa inakuja.

Jioni alirudi na daftari lake. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba kazi ile imezidisha matarajio. Nilingoja tabasamu, lakini hakutabasamu. Kumbe mwalimu aliipenda sanamu hata akamwita mbele ya darasa awaonyeshe wenzake jinsi alivyovifunga vile vijiti viwili vikakaa imara. Hakujua. Alisimama pale ameshika mkono wa sanamu, kimya, hadi mwalimu alipomwambia akaketi.

"Walicheka," aliniambia. Kisha akaongeza maneno ambayo sijayasahau hadi leo: "Na nilikuwa nishasema ni mimi."

Binti huyo sasa yuko sekondari msingi. Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu juzi, katika kundi letu la wazazi la WhatsApp, mzazi mmoja aliuliza wazi wazi ni fundi gani anayeweza kumtengenezea mtoto wake mradi wa shule kufikia Ijumaa. Alisema atalipa. Wazazi watatu wakamtumia nambari za simu za mafundi. Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Mtaala unataka nini hasa?

Wiki ile ya sanamu nilitafuta kwenye simu mwongozo wa mtaala wa umilisi, huu tunaouita CBC, uliotolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, mwaka wa 2017. Nilikuwa nimeulalamikia mtaala huo kwa miezi mingi bila kuusoma hata ukurasa mmoja.

Nilichokikuta kilinifanya niinamishe kichwa. Shabaha ya mtaala imeelezwa kwa maneno machache: kumkuza raia anayeshiriki mambo ya nchi yake, aliyewezeshwa, na mwenye maadili. Ili kufika huko kuna mambo saba ambayo kila mtoto anatakiwa kuyamudu: mawasiliano na ushirikiano, uwazaji kina na utatuzi wa matatizo, ubunifu, uraia, ujuzi wa kidijitali, kujifunza jinsi ya kujifunza, na kujiamini.

Kando yake yako maadili manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu.

Maadili haya hayana kipindi chake kwenye ratiba, wala hayana karatasi yake ya mtihani. Yametiwa ndani ya masomo yote. Ukifungua mwongozo ambao mwalimu hutumia kuandaa somo lolote, iwe Hisabati au Kilimo, utaona chini ya kila mada pameandikwa ni maadili gani mtoto anatarajiwa kuyapata anapoifanya kazi ile. Kwa hiyo sanamu haikuwa shabaha. Ilikuwa njia tu ya kumfanya mtoto afikiri, ajaribu, akosee, aombe msaada, arudie, kisha asimame mbele ya wenzake aseme, "Nilifanya hivi."

Mimi nilimpa sanamu nikamnyima hayo mengine yote. Tena kwa maneno mawili matatu kituoni, "Sema ni wewe," nikamfundisha kwamba uongo ukileta maksi nzuri hauna ubaya. Uadilifu ni neno la mwisho katika orodha ile ya manane, na mimi niliuangusha kabla ya saa moja asubuhi.

Tumewahi kupita njia hii

Wako wanaosema maadili ni maneno mapya ya kupamba vitabu. Si mapya. Tume ya Ominde, iliyoundwa mara tu baada ya uhuru na kutoa ripoti yake kuanzia mwaka wa 1964, ilitaka shule ziwaunganishe watoto ambao serikali ya kikoloni ilikuwa imewatenga kwa rangi. Hata leo malengo ya kitaifa ya elimu ni manane, na la kwanza ni uzalendo na umoja wa taifa. Humo pia mna maadili mema, usawa katika jamii, kuheshimu tamaduni zetu nyingi, na kutunza afya na mazingira.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, nao ulikuja na shabaha nzuri: mtoto aweze kujitegemea. Sisi tuliosoma wakati huo tunakumbuka useremala, ushonaji, sayansikimu na kilimo. Wazazi wetu walichanga pesa za harambee kujenga karakana za shule. Shabaha ile haikuwa na kasoro.

Basi nini kilitokea? Mtihani uliimeza. Mtoto alipofika darasa la nane, hakuna aliyemuuliza kama anaweza kutengeneza kiti. Aliulizwa amepata ngapi kati ya 500. Aliyepata zaidi ya 400 alibebwa juu juu magazetini, na aliyepata 180 alijificha nyumbani kwa aibu. Masomo ya mikono yakaanza kupunguzwa, karakana zikageuzwa stoo. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023, na wengi tulishangilia ulipoondoka.

Lakini tusijidanganye. Serikali inaweza kuondoa mtihani kwa waraka, ila tabia ya kutaka maksi kwa njia yoyote iko ndani ya nyumba zetu. Zamani tuliwanunulia watoto mitihani ya majaribio, na wengine, Mungu atusamehe, walinunua mitihani yenyewe. Leo tunawanunulia sanamu, ramani za udongo na miradi iliyokamilika. Mtaala umebadilika, nasi tumebaki walewale.

Si kwamba sisi ni wabaya

Sitaki kumhukumu mzazi yeyote, kwa sababu mimi mwenyewe nimekiri. Najua kinachotusukuma.

Kuna uchovu. Mama anayefunga kibanda chake sokoni saa mbili usiku, au baba anayetoka zamu ya kulinda lango, hana nguvu za kukaa saa nzima akimtazama mtoto akifunga fundo lisilofungika. Kulifunga mwenyewe ni dakika mbili.

Kuna gharama. Tumeambiwa tupige chapa picha za rangi, tulete karatasi za manila, gundi, vitambaa. Ukiwa na watoto watatu, saiba inakula pesa za unga.

Na kuna hofu ya kuonekana. Picha za kazi za watoto huwekwa kwenye kundi la wazazi. Ukiona jinsi mtoto wa fulani alivyotengeneza jiko la udongo utadhani limetoka kiwandani, unaogopa wako ataonekana hana mwenyewe.

Jambo la nne ni kutoelewa. Mwongozo wa mtaala unataka mzazi ashirikishwe katika masomo ya mtoto; hilo ni mojawapo ya mambo yanayouongoza. Sisi tulisikia "ashirikishwe" tukaelewa "afanye". Walimu wengine nao hawakutusaidia. Walituma ujumbe saa kumi na mbili jioni kutaka kitu kesho yake asubuhi. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na mtoto wa miaka kumi, na mwalimu anayeitoa anajua ni nani atakayeifanya.

Nani anaumia?

Wa kwanza ni mtoto wako. Anajua. Hata ukimsifu mbele ya wageni, anajua kazi ile si yake. Taratibu anaanza kuamini kwamba mikono yake haifai kitu, kwamba kila jambo zuri lazima litoke kwa mtu mwingine. Kujiamini ni mojawapo ya yale saba. Hakuna fundi anayeuza.

Wa pili ni mtoto wa jirani. Katika darasa la binti yangu siku ile kulikuwa na sanamu nyingine, ya mvulana anayelelewa na nyanya yake. Aliitengeneza mwenyewe kwa mabua ya mahindi na mfuko wa nailoni. Iliinama upande mmoja, na kofia ilikuwa kopo la rangi. Yeye alipata "inakaribia matarajio", yangu ikazidisha. Kati ya watoto wale wawili, aliyejifunza Kilimo ni yule mvulana, na aliyesifiwa ni wangu. Tunapozungumza juu ya haki ya kijamii tunawafikiria wabunge na mahakama. Mimi niliivunja kwa sindano na uzi, sebuleni kwangu, nikimshindanisha mtoto wa miaka kumi na watu wazima wawili.

Wa tatu ni mwalimu. Ana watoto hamsini au zaidi, na kazi anayoletewa ndiyo inayomwonyesha nani ameelewa na nani amebaki nyuma. Ukimpa kazi yako, umemfunga macho. Hatajua kwamba mtoto wako hajui kupima kwa rula, na hatamfundisha.

Halafu kuna suala la baadaye. Kila mzazi wa sekondari msingi amesikia hesabu hii: katika kumpangia mtoto nafasi ya gredi ya 10, tathmini ya gredi ya 6, KPSEA, ina asilimia 20, tathmini zinazofanywa shuleni katika gredi ya 7 na ya 8 zina asilimia 20, na ile ya gredi ya 9, KJSEA, ina asilimia 60. Katika zile za shuleni mna kazi za vitendo na miradi. Baada ya hapo mtoto anaingia mojawapo ya njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo.

Sasa fikiria. Kama miradi yote ya ufundi ilitengenezwa na fundi wa mtaani, rekodi ya shule itasema mtoto wako ana kipaji cha ufundi. Atapelekwa huko. Na huko, akiwa na miaka kumi na tano, atasimama mbele ya mashine kama binti yangu alivyosimama mbele ya darasa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini anayefika mwisho wake hapa ni mtoto, si sisi tuliompeleka.

Tufanyeje?

Haya ndiyo yaliyotusaidia nyumbani kwetu tangu siku ile. Hayahitaji pesa.

Kwanza, tunasoma maagizo siku ileile kazi inapotolewa. Si lazima ifanywe siku hiyo. Ninamuuliza mambo matatu tu: Umeambiwa ufanye nini? Utaanzia wapi? Unahitaji nini ambacho hatuna? Maswali haya ni dakika tano, na unaweza kuyauliza ukikatakata sukuma wiki.

Pili, tuna sheria ya mikono. Mzazi anashika kile kinachoweza kumuumiza mtoto: panga, msumari, jiko, maji moto. Vingine vyote vinashikwa na mtoto. Nikiona mkono wangu unaenda kwenye gundi, naurudisha. Kuna siku nimelazimika kuukalia.

Tatu, tunaanza na vilivyomo nyumbani kabla ya kwenda dukani. Mabua, makopo, maboksi, vipande vya kitenge, udongo wa nje. Mtaala wenyewe unahimiza vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto. Shule ikisisitiza picha ya kupigwa chapa kwa rangi, muulize mwalimu kwa heshima kama mtoto anaweza kuichora. Mara nyingi jibu ni ndiyo; hatukuwahi kuuliza.

Nne, kazi ikimshinda, inapelekwa ilivyo. Andika kijibarua: "Mwalimu, amejaribu hadi hapa, sehemu hii hakuielewa." Mwalimu mzuri atakishukuru kijibarua hicho kuliko kazi ya kupendeza isiyomwambia lolote. Na wewe usimwonee haya mtoto aliyepata "inakaribia matarajio" kwa jasho lake. Kukaribia maana yake yuko njiani.

Tano, mwenye mtoto ambaye hana mtu wa kumsaidia jioni asijilaumu. Mtoto hahitaji mhandisi nyumbani. Anahitaji mtu mzima wa kumuuliza, "Nionyeshe ulichofanya leo." Nyanya asiyejua kusoma anaweza kuuliza hivyo. Yule mvulana wa sanamu ya mabua alikuwa na nyanya wa namna hiyo.

Na kwenu walimu mnaosoma ukurasa huu: tupeni angalau wikendi moja. Msiwasifu watoto kwa kazi ambazo macho yenu yanaona wazi kuwa ni za watu wazima. Waulizeni maswali, lakini faraghani, si mbele ya darasa. Binti yangu angekiri mapema zaidi kama wenzake arobaini hawangekuwa wanamtazama.

Tulichofanya Jumatano ile

Siku mbili baadaye niliomba ruhusa kazini nikaenda shuleni pamoja naye. Njiani hakusema neno. Nilimwambia mwalimu ukweli: sanamu ilikuwa yetu, mimi na mume wangu, na mimi ndiye niliyemwambia mtoto aseme ni yake. Nilitaka binti yangu anisikie nikilisema mwenyewe, kwa kuwa kosa lilianzia kwangu.

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Alisema katika darasa lile mimi ni mzazi wa kwanza kukiri, ila si wa kwanza kutengeneza. Alifuta yale maksi, akampa binti yangu wiki moja aifanye upya.

Aliifanya. Ilimchukua siku tatu, na fundo la vijiti lilifunguka mara nne kabla hajagundua kwamba kamba ikiloweshwa maji kwanza hukaza ikikauka. Hilo hata mimi sikulijua. Sanamu yenyewe ilikuwa mbaya, nasema kwa upendo wote. Mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi, na uso kama mtu aliyeamshwa usingizini. Ilipata "inafikia matarajio", naye akaja nayo nyumbani akiruka ruka.

Tuliisimika kwenye kijishamba chetu cha sukuma wiki. Ndege hawakuiogopa hata kidogo. Mmoja alizoea kutua kwenye kofia. Lakini kila mgeni aliyeingia lango lile aliambiwa, kabla hajakaribishwa chai, ni nani aliyeitengeneza na alivifungaje vile vijiti.

Mzazi mwenzangu, wiki hii mtoto wako akileta kazi ya shule, weka mikono yako mifukoni kwa nusu saa tu uone atakachofanya. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia baba na mikutano ya wazazi shuleni: kwa nini viti vya mbele hukaliwa na akina mama peke yao.